Mguu wa Kushoto wa Mtani Wangu

Mtani wangu mpendwa,

Leo asubuhi nimeliinua gari lako kwenye stendi nne, nikaingia chini yake na spana, nikashindwa kufungua hata bolti moja. Sasa nimekaa juu ya ndoo ya rangi hapa gereji kwako, nakuandikia. Ungeniona ungesema Mzaramo akipewa kazi huanza kwa kutafuta pa kukaa. Sawa, nimekaa.

Miaka kumi na moja sijawahi kukuita kwa jina, na sitaanza leo. Tulikutana ghalani Smithfield. Ulikuwa umeleta kontena kwa lori lako kutoka bandari ya Port Botany, mimi ndiye wa kupokea mzigo. Uliposikia Kiswahili changu ukauliza kwetu ni wapi, nikajibu Kisarawe. Ukanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Siku hizi Wazaramo nao wanafanya kazi?" Nikakuuliza Mnyamwezi nani kakufundisha kuendesha, maana kwenu mzigo hubebwa kichwani. Mrundi mmoja aliyekuwa anaendesha forklift, mashine ya kuinua mizigo, akashuka mbio kuja kutuamua, akidhani tunagombana. Nilikuwa na mwaka mzima hapa Sydney bila mtu wa kunisema vibaya kwa mapenzi. Siku ile nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu.

Halafu ukanunua hili gari. La zamani, milango miwili, injini ya silinda nane inayotikisa madirisha ya jirani. Nilikuonea wivu, nakiri, mpaka nilipofungua mlango nikaona gia ya otomatiki. Nikapata pa kukushikia. Nilikuambia mbele ya wageni wako wote, "Babu zako walitembea na pembe za ndovu mabegani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Wewe mguu mmoja wa kukanyaga klachi unakushinda?"

Watu walicheka. Wewe ulichelewa kidogo kucheka. Kisha ukasema, "Tafuta hiyo gia boksi ya klachi, mtani. Tutaona nani atashindwa."

Nikaipata, na zile Jumamosi saba za kuifunga ndizo nilizofurahi kuliko zote tangu nifike nchi hii. Tuliiteremsha ile gia ya otomatiki kwa jeki mbili, ikakuponyoka nusura inivunje mbavu, ukasema si hasara kubwa. Tulifunga flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, tukafunga klachi, tukakata sakafu ili mkono wa gia upite. Shemeji, mkeo, alituletea chai na chapati, akatukuta tunabishana kuhusu bolti ambayo wewe ulikuwa umeikalia. Siku moja uliingia ndani na ndala moja tu, ya kushoto imebaki chini ya gari, na hukujua mpaka binti yako alipokuonyesha. Nilicheka hadi machozi. Nikasema uzee umeanzia miguuni.

Pedeli ya klachi niliichonga mwenyewe kwa chuma. Uliuliza mbona haina raba. Nikakujibu mguu wa Mnyamwezi una ngozi ya kutosha, raba tutaweka baadaye.

Jumamosi ya nane tukalitoa gari barabarani. Kila ulipotaka kubadili gia ulikuwa unainama kutazama chini, nami nakuambia barabara iko mbele. Kwenye taa za kwanza mguu ukateleza, gari likaruka, likamkosa kidogo mama mmoja aliyekuwa anavuka na mtoto kwenye kigari. Yule mama alitutukana vizuri sana. Mimi nilikuwa nacheka. Ukashuka, ukanipa usukani.

Baada ya hapo ukalifunika turubai. Nilipiga simu, ukasema umechoka. Nikapiga tena, ukasema wiki ijayo. Nikanuna, mtani. Nilijiambia nimekutengenezea gari kwa mikono yangu na wewe unaliona takataka. Miezi mitano sikukanyaga kwako. Nilisikia umeacha lori, umehamia ofisini kupanga safari za madereva, nikasema umekuwa bwana mkubwa.

Siku shemeji aliponipigia kwamba umelazwa, na mguu umeoza, niliondoka kazini bila kuaga. Nilikukuta huongei tena. Ulifariki siku ya tatu.

Msibani waliniita. Ukumbi umejaa, Watanzania wa kila dini, Warundi, Wakongo, na mzee mmoja akauliza, "Mtani wake yuko wapi? Atuchangamshe." Unajua kazi yetu. Nikachukua kiti, nikakaa kama uko kwenye usukani, nikainama kutazama miguu, nikaruka na kiti kama lile gari kwenye taa. Ukumbi mzima ulicheka, hata waliokuwa wanalia. Shemeji alisimama akatoka nje. Nilidhani ni uchungu tu wa msiba.

Wiki tatu baadaye aliniita, akanikalisha hapa hapa gereji.

"Shemeji, ule mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Ni sukari. Alikuwa mpaka autazame ndiyo ajue ameuweka wapi."

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia.

"Nilimbembeleza. Akasema, 'Mtani akijua ataanza kunionea huruma, na watu wa kunionea huruma ninao tele.'"

Kisha akaniambia lile lingine. Kwamba miezi ile niliyonuna, ulikuwa unafunua turubai kila asubuhi, unakaa garini peku, unaukodolea macho mguu wako na kukanyaga klachi, mara hamsini, mara mia. Ulitaka siku nikirudi unipakie, unipeleke mwenyewe hadi Parramatta. Kidonda kilianzia kwenye wayo, pale ukingo wa chuma wa pedeli ulipokuwa unasugua. Hukukisikia. Yeye ndiye aliyeona damu sakafuni.

Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

Binti yako sasa ana leseni, lakini ya otomatiki tu. Alinijia wiki iliyopita, mikono mfukoni kama wewe. "Uncle, can you put the auto back in? I just wanna drive Dad's car." Anataka nirudishe otomatiki, aendeshe gari la baba yake. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Kwa hiyo leo naitoa gia boksi tuliyoifunga pamoja, na pedeli yangu naitoa pia. Bado ina doa. Nimeipangusa mara mbili, nikaacha.

Nikimaliza barua hii nitarudi chini ya gari, maana binti anakuja mchana na nimemuahidi. Ila kuna jambo haliwezi kungoja. Kwa mila zetu mtani haombi radhi. Akutukane, akuibie kuku, akuigize ukiwa jenezani, haombi, na anayetaniwa hakasiriki. Ndiyo maana hukunikasirikia, na ndiyo maana sikujua. Wazee wa kwenu na wa kwetu watasema nimeharibu utani, na waseme.

Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuumiza.

Pumzika, usiutazame mguu tena.

Ni mimi mtani wako,
Mzaramo