Jenereta ya Chwele na Mwimbaji wa Besi

Kitale

Mjukuu wangu Wafula, mume wangu mdogo,

Dada yako amenisomea ujumbe wako wa simu. Sisi wote tuko wazima, na ng'ombe wa mama yako amezaa pacha, hebu fikiria! Sasa unauliza ni kichujio gani cha sauti uchague, kinachokata mngurumo ghafla au kinachoupunguza polepole. Wee! Hilo swali nalijua!

Nikiwa msichana, kwaya yetu iliimba kule Chwele. Jenereta ilikuwa inanguruma ndani ya spika. Fundi akaweka kichujio kikali kinachokata sauti zote nzito, mngurumo ukakatika kabisa! Watu wakapiga makofi. Lakini mimi nikaona kijana mmoja wa besi, ile sauti nzito ya chini, anafungua mdomo na hasikiki. Nikamkimbilia fundi.

"Rudisha sauti yake, bana!"

"Nikiweka kile cha pole, dada, mngurumo utarudi kidogo."

"Si urudi!"

Ukarudi, na ile besi ikaja nao, ikanitetemesha kifua!

Kile kikali kinasafisha, Wafula, lakini kinaweza kufagia hata mtu.

Kijana yule ndiye babu yako. Mpaka leo jenereta ya jirani ikinguruma, moyo wangu unaruka, natega sikio nimsikie.

Kukhu, nyanya yako