Toa Nne

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya kiwanda cha mbao,
S.L.P. 47.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hujambo huko uliko? Unakula? Unalala? Kwenye ile picha uliyoleta shingo imebaki kama ya kuku aliyenyonyolewa, nami sikukulea uwe hivyo. Mimi sijambo. Magoti yanauma, jicho la kushoto linaona ukungu, lakini mkono bado unaandika kama uonavyo, wala simtumi mtu kuniandikia. Darasa la tatu langu la zamani linatosha. Usizicheke herufi zangu, zilikutangulia duniani.

Barua yako nimeipata. Niliisoma mara ya kwanza kwa furaha ya kuuona mwandiko wako, mara ya pili kwa hasira. Unauliza kama matairi makubwa uliyotuletea ndiyo yaliyomuua babu yako. Halafu chini yake unaandika kwamba mjomba wako ni mzembe, amelivunja gari na kumpoteza mzee. Yote mawili umekosea. Kaa chini nikueleze, maana hukuwepo, na asiyekuwepo na lake halipo.

Siku ile babu yako aliamka kifua kinambana. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na njia yetu mpaka lami ilikuwa uji mtupu. Mjomba wako alishika usukani, mimi nikakaa nyuma na kichwa cha babu yako mapajani. Akatia magurudumu yote manne, gari likakipanda kilima kama mbuzi. Hapo sina la kumlaumu.

Unakijua kile kijiti kifupi kilicho kando ya gia. Miaka ishirini babu yako hakukiita kwa jina lingine ila "nne". Tukiingia matopeni, "tia nne". Tukifika pakavu, "toa nne". Maana gari lile dogo halitaki kwenda pakavu magurudumu yote yakivuta. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Matopeni yatateleza kidogo yapatane, lakini lami haisamehe, basi vyuma vinapindana chini kwa chini mpaka kimoja kikatike. Hayo alinifundisha mwenyewe, na nikayajua kuliko nyinyi wenye vyeti.

Mjomba wako amejifunza udereva kwenye malori ya watu. Kijiti anakijua kwa kazi ya matope, si kwa jina letu; kwake yeye nne ni gia ya nne, basi.

Tulipopanda lami nikapiga kelele, "Toa nne!" Akasema, "Sawa, mama." Alikuwa kwenye gia ya nne, akarudi ya tatu, akapunguza mwendo, akidhani naogopa mgonjwa asitikiswe. Nami kusikia mwendo umepungua nikajua ametii. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mama na mwanawe ndani ya gari moja, kila mtu na nne yake.

Chini pakaanza kulia, mlio wa mtu anayesaga meno. Niliusikia. Niliusikia, mjukuu wangu, nikadhani ni babu yako anakoroma, nikamfuta jasho. Kwenye mzunguko wa mbele ya shule, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma ikapasuka, propela, lile bomba refu la chini, ikadondoka na kuchimba lami. Tulikaa pale mchana kweupe, jua la utosi, mpaka lori la mchanga lilipotubeba. Babu yako alisema neno moja tu: "Mmetoa?" Nikamwambia tumetoa. Ndilo aliloondoka nalo, uongo wangu ambao sikujua ni uongo. Hospitali walimpokea akiwa amekwisha kwenda.

Kuhusu matairi yako. Fundi, yule tunayemwita Mbishi kwa kuwa hata ukimwambia kumekucha atatoka nje kuhakikisha, alifungua vyuma vyote akavipanga juu ya gunia. Anasema matairi makubwa yaliongeza mzigo, hilo si uongo, gari dogo ukilivika viatu vya lori miguu itauma. Lakini siyo yaliyovunja. "Bibi, kwa matairi madogo mngefika mzunguko wa pili badala ya wa kwanza." Ndivyo alivyosema, hana adabu lakini hadanganyi. Basi jisamehe, na ujifunze: kabla hujalivika gari mapambo, uliza mifupa yake inabeba nini.

Sasa unasema utatuma vyuma vya kuliinua gari na taa za kuweka juu ya paa. Taa za nini, tunawinda? Acha. Ukitaka kutuma, tuma vile vifuniko vya katikati ya magurudumu ya mbele, vya kuzungusha kwa mkono. Ukivifungua, magurudumu ya mbele yanazunguka bure, hayapindi kitu. Wengine huviona usumbufu kwa sababu dereva lazima ashuke na kuinama. Mimi ndicho ninachokitaka hicho. Ashuke, ainame, azungushe kwa mkono wake, aone kwa macho yake. Na bati nene la kulikinga tumbo. Na mipira mirefu ya kupumulia difu, lile bonge la gia kati ya magurudumu, maana mwaka jana tulivuka kijito difu ikanywa maji, oili ikatoka nyeupe kama maziwa. Oili yenyewe tutanunua huku. Inabadilishwa ile, hairithiwi.

Kijiti nimekipaka rangi nyekundu. Na humu ndani nimepiga marufuku mtu kusema nne peke yake. Jana nilikwenda dukani nikaomba mayai matatu na jingine moja, muuza duka akacheka. Acheke.

Mjomba wako hajagusa usukani tangu siku ile. Lori amelirudisha kwa mwenyewe, anakwenda vibaruani kwa miguu. Barua yako yeye ndiye aliyeifungua, kwa sababu juu ya bahasha uliandika jina la ukoo tu. Aliisoma yote. Akaikunja vizuri, akanipa, akatoka nje kupasua kuni tusizozihitaji.

Juzi nikamwita. Nikamwambia neno lile lilikuwa langu, nilipaswa kusema kijiti, nilipaswa kuinua shingo nitazame mkono wake umeshika nini. Unajua alinijibu nini? "Hapana, mama. Nilikuelewa vizuri. Nilipuuza tu." Mwongo! Nimemzaa, namjua akidanganya, sauti inakuwa laini kama ya mtoto aliyeiba sukari. Amejitwika lote ili mimi nisibebe. Nikibishana naye anazidi kuapa.

Kwa hiyo nakuagiza, siombi. Mwandikie mjomba wako, jina lake juu ya bahasha. Umuombe radhi kwa neno "mzembe". Mwambie bibi amekiri kwako kwa mkono wake mwenyewe, na karatasi unayo. Usimwambie hana kosa, hatakubali. Mwambie kosa ni la watu wawili, na bibi anataka fungu lake. Miaka arobaini na sita nimegawana na mume wangu kila kitu, mpaka shuka. Kifo chake hakuna atakayeninyima sehemu yangu, hata huyo niliyemzaa.

Mama yako anakusalimu, hasemi mengi siku hizi. Dada yako anakusalimu. Mbishi anasema atakusalimu akishahakikisha upo. Nawe msalimie mkeo, mwambie akujazie sahani.

Mungu akutangulie njiani, na kila uendako akufikishe kabla ya kuchelewa.

Ni mimi ninayekupenda hata ninapokugombeza,

Bibi yako.