Mndimu wa Kwenye Debe

Lindi, Jumatano, baada ya isha

Na leo tena kaanza. Nilikuwa uani namwagilia bamia nilizopanda kwenye magunia ya udongo, mama mkwe akasimama mlangoni. "Mwanamke yumo edani, anapanda mboga kama anangoja wageni! Watu watasema nini?"

Nikaendelea kumwagilia. Shambani siendi, sokoni siendi, mpaka eda iishe. Sasa tule nini, ugali mkavu? Magunia yenyewe aliyaleta marehemu mume wangu, alipokuwa karani bomani. Nikishika udongo angalau silii.

Ninachoogopa sijamwambia mtu. Eda ikiisha kaka zangu watakuja kunichukua, nirudi Kiswere. Sina mtoto wa kunishikilia hapa. Na mama mkwe, mama wa watu, hakuwa na mtoto mwingine ila marehemu.

Kelele zake zote, lakini nimemwona. Siku hizi anatawadha pale pale penye magunia, maji yote yanaingia kwenye bamia. Eti kwenye jiwe lake panateleza!

Leo alasiri katoka na debe bovu la mafuta ya taa, kalijaza udongo, kapanda mche wa mndimu. Kumbe alikuwa anaukuza nyuma ya jiko, siku zote hizi.

"Mama, huo si utachukua miaka kuzaa?"

"Najua."

"Sasa nani atachuma?"

Hakunitazama. Alikuwa anashindilia udongo kwa vidole.

"Kaka zako wakija, waambie una mndimu wa kumwagilia."