Baada ya Kuoga

Osiri,
Jumapili.

Kwa dada yangu Auma,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako kutoka huku kwenye vumbi na kelele za mashine za kusaga mawe. Natumai zinakukuta mzima, wewe na Mama na mdogo wetu Achieng'. Goti la Mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilimfaa, au aliigawa kanisani kama kawaida yake? Na Achieng' bado anakalishwa nyuma darasani kwa sababu ni mrefu? Nenda umwambie mwalimu kwamba sisi wenye ngozi hii macho yetu hayaoni mbali, amlete mbele kabisa. Mimi nilikaa nyuma miaka mitatu nikinakili ubao ambao sikuwahi kuuona.

Ndani ya katoni utakuta barua mbili. Ile fupi ni ya Mama. Msomee kwa sauti, hata mara mbili akitaka, kisha umpe aiweke ndani ya Biblia. Hii ndefu ni yako peke yako. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu ya hapo nyumbani ni moja na inakaa kwa Mama, na kila nikipiga mnaweka sauti juu mpaka jirani anaitikia salamu. Nenda nayo jikoni, ukae, na ukimaliza kuisoma uitie motoni.

Auma, mimi si mzima. Unakumbuka Krismasi nilipokuja na kofia, nikakataa kuivua hata wakati wa kuombea chakula? Mama alinigombeza mbele ya wageni, nawe ukanitania kwamba nimeota upara. Chini ya kofia kulikuwa na kidonda kwenye sikio la kushoto. Kilianza kama ukoko mdogo, nikaubandua, ukarudi. Watu wa rangi yangu tumezoea vidonda, nikajiambia kitakauka mvua zikianza.

Mvua zilikuja zikaisha. Kidonda kikala ncha ya sikio, kikaanza kunuka, hadi wachimbaji wa dhahabu wanaoniletea tochi zao za kichwani nizichaji wakawa wanasimama mbali na dirisha la kibanda. Hawa si watu wa kuficha jambo. Mmoja akaniambia, "Odiero, hiyo kitu inaoza. Enda Migori waione." Huku wananiita Odiero, yaani mzungu, na sijawahi kuwachukia kwa hilo. Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda.

Kwenye benchi la kliniki ya ngozi tulikuwa wengi, na wenzangu watatu walikuwa albino, wa rangi yangu. Nyuso zao zilikuwa zimeungua, midomo imepasuka. Niliwatazama nikajiona mimi ndiye niliyelelewa vizuri kuliko wote. Nikaitwa ndani kwa muuguzi, mama wa makamo mwenye maneno mengi.

"Otieno, hii mafuta ya jua huwa unapaka?"

"Napaka, sista. Tangu nikiwa mtoto. Sijawahi ruka hata siku moja."

Nilisema hivyo kwa majivuno, dada. Nilikuwa naringa kabisa.

"Vizuri sana. Unapaka saa ngapi?"

"Usiku, nikishaoga, kabla nilale."

Akacheka sana. "Kweli wewe ni Otieno, mtoto wa usiku! Sasa huko kwa kitanda kuna jua gani?"

Kisha akaona sicheki. Akaweka kalamu chini.

"Ni nani alikuambia upake usiku?"

"Ni nyinyi wa hospitali. Mlimwambia mamangu."

"Tulimwambia aje?"

"Apake kila siku baada ya kuoga."

Akaniuliza polepole, "Na kwenu huwa mnaoga saa ngapi?"

"Jioni, sista. Kama watu wote."

Basi ni hapo. Maneno matatu tu, baada ya kuoga. Aliyeyasema siku ile Mama alipopewa kopo la kwanza labda ni mtu wa mjini anayeoga asubuhi akienda kazini. Na Mama alitoka Kisegi, ambako asubuhi mtoto hunawa uso na miguu akakimbia shule, na maji ya moto ya karai ni ya jioni, kazi zikiisha. Kopo lenyewe lilikuwa jeupe, halina karatasi. Baadaye zilipokuja chupa zenye maandishi yalikuwa madogo mno, hata nikiyabandika puani siyasomi, na sisi tulishajua kazi yake, tungesoma ya nini? Hata nilipokuja kuishi peke yangu na kuoga saa ninayotaka, niliendelea hivyo hivyo. Nina hasira, Auma, na nimetafuta wa kumkasirikia, sijampata.

Unakumbuka jioni zenyewe, maana wewe ndiye uliyekuwa ukileta maji. Mama ananikalisha kwenye kigoda, ananiosha polepole, ananikausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, hasugui. Anasubiri ngozi ikauke. Kisha anajinusa vidole kama bado vina harufu ya omena, akiona vina anavisugua tena kwa majivu na sabuni. Halafu anachukua mafuta kidogo kwa kidole kimoja. Anaanza na paji la uso, pua, mashavu, mdomo, shingo, mikono hadi migongo ya viganja, anamalizia na masikio, mbele na nyuma. Nilikuwa nalala nimeng'aa. Asubuhi mafuta yote yako kwenye mto, nami siku isiyo ya shule natoka kifua wazi kwenda ziwani kumfukuzia ndege kwenye omena aliyoanika, tangu jua linapochomoza mpaka linapoelekea kuzama. Mto wangu ulikingwa na jua kuliko mimi.

Na nilipoungua, Mama aliongeza mafuta usiku. Nilipopata malengelenge akafunga safari hadi Homa Bay kuomba kopo lingine, akarudi amechoka, na jioni ile ile akanipaka mara mbili. Hakuna mtu aliyefanya kazi ile kwa moyo kama yeye. Ndiyo maana nimelia hapa kibandani mchana kweupe, wateja wakidhani ni moshi wa jenereta.

Nikuambie yaliyobaki. Walikata kinyama kidogo wakapeleka kupima. Niliporudi kuchukua majibu, daktari aliinuka akafunga mlango mwenyewe, nikajua. Ni saratani ya ngozi. Lingekuwa sikio peke yake wangelikata, nikabaki na moja la kusikilizia utani wako. Lakini kuna uvimbe shingoni chini ya taya, na alipoushika aliacha kuniangalia. Aliniandikia barua ya kwenda Kisumu. Huko nikapewa siku, siku ikafika nikaambiwa mashine imeharibika, nikapewa siku nyingine ya mbali. Nilimuuliza daktari kama nitapona. Akasema, "Tutajaribu." Auma, nimechaji betri za watu miaka sita, na mimi mwenyewe huwaambia wateja hivyo betri ikishakufa.

Kwa hiyo mimi usinihangaikie. Sijipi moyo na wewe usinipe. Ninakuandikia kwa ajili ya Achieng'. Mama alimpa jina la saa aliyozaliwa, jua likiwa utosini, na sasa yuko ufukweni mahali pale pale nilipokaa mimi, anafukuza ndege wale wale, na jioni anaoshwa na kupakwa na kulazwa. Ana miaka minane. Mimi kufikia miaka minane nilikuwa nimeshaungua kiasi cha kunitosha. Sijui kama tumewahi.

Sikiliza sasa. Yale mafuta ya hospitali ni ya asubuhi. Anawe uso, mumpake kila mahali panapoonekana, mdomo na masikio na nyuma ya shingo, akae kidogo kabla hajatoka nje, na mchana arudie. Nimetia chupa mbili. Nakuambia mapema kwamba mtu akipaka inavyotakiwa chupa mbili hazifiki mbali. Nilikuwa nashangaa kwa nini kopo la Mama lilidumu vile, nikadhani ni baraka. Hospitalini yameisha na kila nikiuliza yatarudi lini wanainua mabega. Kwa hiyo tegemea zaidi kofia na nguo. Kuna kofia mbili pana na mashati ya mikono mirefu. Na umtoe kwenye omena. Mama atauliza ni nani atafukuza ndege. Acha ndege wale, Auma, washibe.

Usiku naomba usimnyang'anye Mama. Kuna kopo jeupe ndani ya katoni, halina karatasi. Nimejaza mafuta ya kawaida ya mgando, yasiyo na manukato. Mwambie hospitali siku hizi imeleta aina mbili, haya ya chupa ni ya mchana na haya ya kopo ni ya usiku. Ataamini, maana anawaamini. Amwoshe Achieng' kwa maji ya vuguvugu kuondoa vumbi na mafuta ya mchana, si kwa ile sabuni ya kufulia, inakausha ngozi. Amkaushe kwa kugusagusa kama alivyonifanyia mimi, kisha apake. Ngozi ikilainika usiku haipasuki ovyo, hilo angalau ni kweli. Wewe shika taa, na wakati Mama anapaka, wewe tazama. Macho yake hayaoni tena vitu vidogo. Ukiona kidonda au ukoko usiopona kwa wiki tatu au nne, hata kama ni kidogo kama mbegu ya nyanya, usimwambie mtu asubiri mvua. Mpeleke.

Nilidhani nikikuandikia hivyo nimemaliza, na Mama atabaki bila kujua. Halafu nikamkumbuka yule mama muuza nyanya hapo sokoni Kisegi, aliyejifungua mtoto wa rangi yetu. Mama ndiye aliyemfundisha. Nilikuwepo. Alimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akamwonyesha kwa mikono yake, hapa kwanza, halafu hapa, jioni akishaoga, usiruke hata siku moja. Yule mama akashukuru mpaka akampa nyanya za bure. Na kanisani kuna wengine wamemsikia, maana Mama haoni aibu kutoa ushuhuda jinsi alivyonitunza.

Nimekaa na jambo hili siku nne. Ukimwambia yule mama ukweli, atakwenda moja kwa moja kwa Mama kumuuliza, na zile aina mbili za mafuta hazitatufaa kitu. Mama atakaa chini, na sijui kama atainuka. Usipomwambia, yule mtoto ataungua kama mimi. Nilitamani wewe uniamulie, lakini wewe ndiye utakayebaki ukimtazama Mama usoni, nami siwezi kukubebesha na uamuzi pia. Mwambie yule mama, Auma. Mwambie wiki hii. Ukipata njia ya kumwambia Mama wewe kabla hajasikia sokoni, jikaze umwambie, ukiwa umemshika mkono. Mwambie hospitali ndiyo iliyosema vibaya. Wao hawatajua tumewasingizia.

Sitakuja nyumbani kwa sasa. Akiniona atataka kunishika uso, na bandeji haifichiki tena chini ya kofia. Katika ile barua fupi nimesema kazi ni nyingi na tochi ni nyingi. Msomee kwa sauti ya furaha, wewe unajua kuigiza.

Nisalimie dani, bibi yetu, na umwambie blanketi lake nimelitia chini kabisa ya katoni. Msalimie baba mdogo, fundi wa mashua, namshukuru kwa kunitafutia kofia yangu ya kwanza ingawa nilikataa kuivaa kwa sababu watoto walicheka. Mbusu Achieng' kichwani. Muuguzi yule naye anawasalimia, ingawa hamfahamiani. Kila nikienda ananiuliza, "Mama ashajua?" na mimi namwambia bado.

Jambo la mwisho. Siku Mama atakapojua, atataka kujua kidonda kiko wapi. Namjua. Usimwambie ni sikio. Sema ni mgongoni, sema ni begani, sema popote ambapo mtu anayepaka kwa haraka anaweza kupasahau. Na nikiletwa, kofia ibaki kichwani, hata wakati wa maombi. Masikio ndiyo aliyokuwa akimalizia, mbele na nyuma, na hakuwahi kuyasahau hata siku moja.

Ni mimi mdogo wako,
Otieno