Lenzi ya Tatu Nayo Anaiona Finyu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie na usinicheke, maana swali langu ni la lenzi ingawa mimi ni fundi cherehani na darubini ni ya mume wangu. Yeye ni fundi saa, ana miaka hamsini na nane, hanywi, hazururi, ugonjwa wake ni nyota tu, na jioni jua likishazama tunapanda juu ya paa na viti viwili tukautazama mwezi, na kusema kweli hiyo ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Sasa tangu mwaka jana ameanza kulalamika kwamba lenzi ya kuchungulia, ile ndogo unayowekea jicho, ni finyu, anaona kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo, akaagiza iliyo pana zaidi, ilipokuja akasema ni yale yale, akaagiza ya tatu, pana kuliko zote pale dukani, nikaishonea mfuko wa flaneli kwa furaha, na siku ya kwanza akaniambia, "Tazama wewe kwanza, mama watoto, uniambie ukingo unauona wapi." Nikatazama. Mwezi ulikuwa katikati na anga limeuzunguka pande zote. Nikamwambia ukingo siuoni mpaka nizungushe jicho kuutafuta. Akakaa yeye, akatazama, akasema, "Wametupiga tena. Hii nayo finyu." Na mimi nikajibu, "Kweli baba watoto, wametupiga."

Nilisema uongo, mshauri. Siku hizi anagonga bega kwenye fremu ya mlango tulioupita miaka ishirini, kikombe nikikiweka pembeni yake anakiangusha halafu ananilaumu, nami naomba radhi. Lakini akiwa kwenye kibanda chake anashika skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta bila kukosea, na nikigusia habari ya macho ananionyesha hiyo skrubu. Marehemu mama mkwe alipofuka hivyo hivyo, pole pole, na mume wangu ndiye aliyemwongoza kwa mkono miaka tisa, hadi leo hataki izungumzwe. Namwonea huruma mpaka nalia juu ya vitambaa vya watu. Sasa anaandika barua kali kwa mwenye duka na anataka ya nne. Je, ipo lenzi pana zaidi nimchagulie, aone vizuri, nisilazimike kumwambia?

Mama Sindano

JIBU

Mama Sindano, sijakucheka. Lenzi hiyo haipo, na unajua kwamba haipo, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kumwandikia mwenye duka.

Mteja wako akinenepa, ukamwambia gauni limesinyaa, uongo huo haumdhuru mtu. Huu unamdhuru mumeo. Mimi si daktari, lakini nimemsomea barua yako muuguzi wa kliniki ya macho. Anasema huenda ni presha ya macho, ambayo mara nyingi hula uwezo wa kuona pembeni na kuacha wa katikati, na ndiyo sababu skrubu bado anaiona. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, mara nyingi kwa dawa ya matone tu, lakini asicheleweshwe. Tena ugonjwa huo hutembea katika ukoo, kwa hiyo watoto wenu nao wapimwe.

Halafu hebu soma tena ulichoandika. Anayeamini lenzi ni mbovu kwa nini amwombe mkewe atangulie kutazama? Mumeo alikuwa anajipima kwa jicho lako. Ulimwambia ukingo huuoni, kisha hata chai haijapoa ukakubali kuwa ni finyu. Mtu anayetengeneza saa hawezi kukosa kuona kwamba maneno hayo mawili hayapatani. Nadhani anajua, na anajua kwamba unajua, na kila mmoja anamlinda mwenzake huku macho yanazidi kwenda. Mnapendana, nimeona. Lakini mmeyatumia vibaya mapenzi hayo.

Basi leo, akija kula mchana, usimtaje mama yake. Mwambie hivi tu: "Nilikudanganya. Lenzi ni nzima." Kisha nyamaza, hata akifoka. Akimaliza, mwambie kesho umefunga cherehani na mnakwenda kliniki wote wawili. Barua ya mwenye duka ichaneni, mtu wa watu hana kosa. Na kwa kuwa uliuliza kuhusu lenzi, mwalimu mmoja wa fizikia ameniambia achague ile inayokuza kidogo kuliko zote. Mwezi utakuwa mdogo, lakini utaenea kwenye sehemu ya jicho lake ambayo bado ni nzima, auone wote kwa mara moja.

Endeleeni kupanda juu ya paa. Kwenye ngazi usimshike kabla hajataka, tangulia tu hatua moja mbele yake. Siku atakapoutafuta mkono wako, aukute uko karibu.