Kadi za Watoto Nilizozifunga kwa Amri Moja

Kibaoni, Alhamisi, mwezi wa tatu, 1997

Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado inanyesha. Nguo za mwanangu Beata zina siku tatu hazijakauka, nimezitundika ndani mpaka nyumba inanuka mkojo na sabuni ya kipande. Yeye mwenyewe amelala mgongoni kwangu na nimekataa kumshusha. Ninaandika nimesimama, daftari liko juu ya meza ya vyombo.

Leo nimetoka msibani, kijiji cha Mbingu. Mtoto wa watu amekufa, na mkono wangu umo.

Naandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Ofisi yetu ni ndogo, kazi yake ni kuandikisha kaya na kufuatilia afya za watoto. Wenzetu wanazunguka vijijini kwa baiskeli, mimi nachapa walichoandika kwenye kompyuta. Kaya ikiwa na tatizo tunaifungulia kadi kubwa, na chini yake kila mtu mwenye shida anapata kadi yake ndogo. Kila kadi ina visanduku vya kujaza: kijiji, balozi wa nyumba kumi, mtembeleaji, na cha mwisho hali, yaani iko wazi au imefungwa. Kila Jumatatu printa inapiga kelele na kumtolea kila mtembeleaji orodha ya kadi zilizo wazi. Aliyemo anatembelewa. Asiyekuwemo hatembelewi.

Nilirudi kazini mwezi wa kumi na mbili, Beata ana miezi minne. Saa nne asubuhi maziwa yananilowesha blauzi, na mimi nachapa jina la kijiji kilekile mara sita kwa kaya moja. Balozi akibadilika, narudia zote sita. Nikachoka. Nikachukua kile kitabu cha maelekezo kisicho na jalada, nikakisoma wakati wa chai wiki mbili nzima, neno kwa neno, mimi wa kidato cha nne. Nikatunga programu: ukibadilisha kadi kubwa, kadi ndogo zote zinabadilika zenyewe.

Ilipokubali mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Bwana Severini, mkuu wa chumba chetu, aliwaita watu waje waone. "Huyu sasa ni Mama Mashine," alisema. "Anazaa na anatengeneza mashine ya kulea." Tulicheka sote. Nilijisikia mtu.

Niliagiza visanduku vyote vifuate kadi kubwa. Vyote. Na hali pia.

Huyo mtoto aliyekufa, Koleta, alikuwa na miaka minne. Mwezi wa kwanza Yustina, mtembeleaji wa njia ya Mbingu, alimkuta ana homa na viganja vyeupe kwa kupungukiwa damu. Akampeleka zahanati, akapewa dawa, akaandika kwenye kadi yake: aonwe tena baada ya wiki mbili. Bibi yake alikuwa na wasiwasi wa ule mwendo wa miguu hadi zahanati. Yustina akamwambia asihangaike kumbeba, atakuja mwenyewe kumtazama.

Wiki iliyofuata baba na mama yake Koleta walivuka mto kwenda shamba, kama kila mtu anavyofanya huku. Mtu anafunga nyumba, anakwenda kukaa kwenye dungu, kibanda cha kulindia shamba, mpaka mpunga uvunwe. Balozi akaleta taarifa kwamba kaya imehamia shamba. Nikaifungua kadi kubwa, nikaandika: imefungwa. Kompyuta ikazifunga na ndogo zake, pamoja na ya Koleta. Haikuniuliza. Sikuwa nimeifundisha kuuliza.

Jumatatu ilipofika orodha ya Yustina ilikuwa fupi. Naye ana vijiji vitatu na baiskeli moja, akaamini karatasi.

Koleta hakwenda shamba. Aliachwa kwa bibi.

Nani wa huku asiyejua hilo? Dunguni kuna maji, mbu na nguruwe pori, na mama anashinda matope yakimfika kiunoni. Mtoto aliyeacha ziwa anabaki nyumbani kwa bibi. Ndivyo ilivyo. Mimi mwenyewe niliachwa kwa bibi masika baada ya masika, nikimsubiri mama hadi mavuno. Nilijua. Nililijua tangu sijui kusoma, halafu nikakaa mbele ya kioo cha kompyuta nikaandika kwamba mtoto huenda anakokwenda mama yake.

Bibi alisubiri. Wiki mbili zikawa tatu, zikawa tano. Jumapili mtoto alianza degedege, akistuka mwili mzima. Jirani akampakia bibi kwenye baiskeli, mtoto mikononi, mpaka hospitali hapa mjini. Jumatatu akafa.

Jumanne Yustina aliingia ofisini, matope mpaka magotini. Hakusalimia mtu. Akaniwekea orodha zake za wiki tano mezani.

"Mama Beata, nitafutie Koleta humo."

Nilitafuta. Nikaenda kwenye mashine, nikaifungua kadi yake. Imefungwa. Nikaangalia tarehe, nikajua.

Bwana Severini alisoma juu ya bega langu, akanivuta pembeni. Si mtu mbaya, anaogopa wakubwa wake. "Kwenye taarifa andika hitilafu ya mashine," aliniambia. "Mashine haifukuzwi kazi. Wewe una mtoto mchanga."

Nikiri hapa, maana hapa hakuna anayenitazama. Nilikubali. Kwa muda wa kama kunywa chai, nilikubali. Nilishika kalamu nikaandika "Hitilafu ya". Halafu nikawaza: kama ni hitilafu ya mashine, nani atatafuta wengine? Mashine yenyewe inasema kadi zimefungwa na kazi imekwisha.

Nikakata. Nikaandika: Nilikosea mimi. Nikatia sahihi.

Mbali na Koleta, walikuwa kumi na saba. Watoto kumi na saba waliofungwa pamoja na kaya zao kabla hawajaonwa mara ya pili. Niliwaandika kwa mkono, jina, kijiji, kiganja kilikuwaje. Watembeleaji wakagawana. Hadi jana jioni kumi na watatu walikuwa wameonwa, wawili wakaletwa hospitali. Wakabaki wanne, wote njia ya Mbingu. Yustina akasema leo anapitia msibani kwanza. Nikamwomba twende wote.

Njiani nilikuwa napanga maneno. 

Wanawake wamejaa sebuleni kwenye mikeka. Mama yake Koleta alikuwa amelala kifudifudi, amerudi kutoka shamba amemkuta mtoto yuko kaburini. Sikuthubutu kumwendea. Bibi alikuwa nje chini ya paa la jiko, anachambua mchele wa msiba. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa ofisini?"

"Ndiye, bibi. Ni mimi niliyelitoa jina lake kwenye orodha. Dada Yustina hana kosa. Kosa si la kompyuta, ni langu. Nilidhani amekwenda na mama yake."

Mikono yake ilisimama kwenye ungo.

"Ulimwuliza mtu?"

"Hapana, bibi."

"Wewe ulilelewa wapi?"

"Hapahapa Mbingu."

"Na nani, mama yako akienda shamba?"

Alisubiri, kama alivyosubiri wiki tano.

"Na bibi yangu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akarudi kwenye mchele wake, akatoa chuya moja, ya pili, ya tatu. Nilidhani ndiyo basi, sina ruhusa ya kuinuka wala ya kukaa.

Halafu akauliza, bila kunitazama, "Wako wengine?"

"Wako, bibi. Bado wanne."

"Basi umekaa hapa unafanya nini?"

Hakusema amenisamehe. Nisije nikayageuza maneno yale baadaye yakawa msamaha. Yalikuwa amri.

Tukaondoka bila kula. Yustina alikokota baiskeli, mimi nyuma na kitenge kichwani. Mtoto wa kwanza tulimkuta anacheza, bibi yake akatushangaa tulivyolowa. Wa pili mzima. Wa tatu viganja vyake havikunipendeza hata kidogo, na sisi tukagoma kuondoka mpaka babu yake alipotoka naye kuelekea zahanati. Wa nne anaitwa Skola, ana miaka mitatu. Nyumba yao iko ng'ambo ya kijito, na leo maji yamepanda juu ya magogo ya kuvukia. Tulisimama pale tukaita. Moshi ulionekana, mtu hakutokea.

Nimerudi. Nimemchukua Beata kwa mama. Mama naye ananiambia mwezi ujao anakwenda shambani kulinda mpunga usiliwe na ndege, nitafute pa kumwacha mtoto. Nimemwitikia tu.

Jana nilikiondoa kisanduku cha hali kwenye ile programu. Kijiji na balozi viendelee kufuata kadi kubwa. Lakini sasa ukitaka kuifunga, kioo kinasimama kwenye kila kadi ndogo na kuuliza, jina kwa jina: Mtoto huyu yuko wapi? Hujajibu, haifungi. Bwana Severini ameijaribu na amelalamika kwamba itatuchelewesha.

Nimemwambia ichelewe.

Beata anapumua shingoni kwangu. Amekuwa mzito, mgongo unaniuma, na simshushi.

Amebaki mmoja. Kukipambazuka narudi kwenye kijito kile, maji yawe yamepungua au hayajapungua, na safari hii siiti nikiwa ng'ambo hii. Nitavuka, nibishe hodi, nimsalimie bibi yake, kisha niulize kwa mdomo wangu mwenyewe.

Skola yuko wapi?