Mwinyi Tope Ameniita

Bordesley Green, Birmingham
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Mwanamize,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti yamepunguza ukorofi, na kuku wako wameacha kwenda kutagia kwa jirani. Sisi huku hatujambo. Baridi imelegea, ila mimi bado navaa soksi mbili mbili, na wifi yako Zainab anasema nimezeeka vibaya. Namwambia kuzeeka nimezeeka, hilo vibaya ameongeza yeye.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Nikikutumia sauti utaifungua mbele za watu, kwa kelele kama kawaida yako, na kabla ya magharibi mtaa mzima utakuwa unajua mambo yangu. Kwa hiyo hii nampa Suhaib, anayekuja huko harusini kwa nduguye, pamoja na dawa ya kuchua ya mama yetu Bi Mkubwa. Isome ukiwa peke yako.

Nianze na la kuchekesha. Mwanangu Iman, uliyemwona kwa picha tu, sasa ni mwanamwali, mrefu kunishinda mimi. Jumamosi nikiwa sina zamu ya basi humpeleka Digbeth, kwenye ghala moja la zamani ambamo siku hizi wanauza kahawa. Yeye na wenziwe hukaa mezani tangu adhuhuri wakicheza mchezo wa kujifanya. Mmoja husimulia, na wengine kila mtu ana nafsi yake ya kubuni, shujaa au mchawi. Wakitaka kupigana na dude lolote hurusha dadu lenye pande nyingi, limekaa kama muhogo niliomenya mimi. Mwanzoni niliona upuuzi. Halafu nikakumbuka sisi tulicheza mchezo huohuo, tena bila dadu.

Msimulizi wao ni Jaspal, kijana wa Kisingasinga mwenye adabu nyingi. Alikuwa anatunga safari ya kwenye kinamasi, akakosa mnyama wa kutisha. Madubwana ya vitabuni wenziwe wameshayajua yote, hata pa kuyachoma mkuki. Iman akamwambia baba yake analo moja. Nilishangaa, kwa kuwa nilimsimulia angali mdogo, tena kwa Kiswahili, na yeye kila siku hunijibu kwa Kiingereza mpaka nikadhani maneno yangu yote yalipita hewani.

Basi nikaitwa mezani na sahani yangu ya kaimati, nikakaa kwenye kiti kilicholalamika, nikawasimulia Mwinyi Tope wa Bi Mkubwa. Unamkumbuka: mwili wa matope, nywele za ndago, vyura masikioni. Anakaa penye kinamasi chini ya bonde letu la mpunga, pale tulipokuwa tukienda kuamia ndege wasile mpunga. Hakimbizi mtu wala hang'ati. Anaita tu, kwa sauti ya yule unayempenda kuliko wote, na ukiitika umekwenda, hata kofia haielei. Jaspal aliuliza ana nguvu kiasi gani. Nikamwambia sijawahi kumpima. Akauliza anauawaje. Nikasema hauawi, dawa yake ni kutoitika mara ya kwanza wala ya pili, kwa sababu kifua chake kimejaa tope na pumzi zake zinatosha miito miwili tu. Wa tatu ni wa binaadamu. Ndiyo maana Bi Mkubwa akimtaka mtu humwita mara tatu.

Cheryl, binti wa Peninah, yule nesi wa Kenya wa mtaani kwetu, alicheka akasema hiyo monster ya Uncle ni soft, kazi yake ni kuita watu tu kama mamake akitaka vyombo vioshwe. Nikamwambia angoje afike kwenye kinamasi.

Walipofika, maji magotini na ukungu usoni kama Jaspal alivyosimulia, wakataka kuisikia sauti yenyewe. Nilijaribu. Cheryl akauliza kama mbuzi wa Uncle ana mafua. Basi nikatoa simu, nikatafuta ile sauti uliyonitumia unaponieleza habari za paa kuvuja, na nyuma yako Bi Mkubwa anaita. Nikabonyeza. Vuai!

Dada, niliitika. Naam, kwa sauti kubwa, tena nikanyanyuka, kaimati zikamwagika. Meza nzima wakavunjika mbavu. Jaspal akatangaza kwamba mzee aliyelileta dude ndiye wa kwanza kuliwa. Nilicheka nao, nikainama kuokota kaimati, na huko chini ya meza nilikaa sana kuliko kaimati zilivyohitaji.

Iman hakucheka. Tulipokuwa tunarudi, tumesimama kwenye taa nyekundu, akaniambia kwa Kiswahili, cha kuokoteza lakini kilifika chote, kwamba bibi ananiita, na akaniuliza mbona siendi. Taa ikawa kijani, wa nyuma wakapiga honi, mimi nimeshika usukani tu.

Nilimjibu habari za kazi, majibu yaleyale niliyokupa wewe. Uliniita alipofariki Baba, nikasema karatasi hazijatoka, na kweli zilikuwa hazijatoka. Ukaniita Maisara wako alipoolewa, nikasema zamu. Nikawa najitania moyoni kwamba mimi mtoto mtiifu, siitiki mara ya kwanza wala ya pili.

Sasa nikwambie nisilomwambia hata Zainab. Karatasi ninazo zamani, na ruhusa kazini haijawahi kuwa tabu. Ni woga. Uliponieleza kwamba Bi Mkubwa kila alasiri ananiita akidhani niko bondeni naamia ndege, nilifurahi, Mungu anisamehe. Kumbe kwake bado ningali yule wa kaptura iliyochanika. Nikija ataona mtu mwenye upara na kitambi, atakuuliza mgeni huyu nani, na yule mtoto wake hatakuwepo tena popote. Nikaona heri yeye aendelee kuita, na mimi huku niendelee kusikia. Ile sauti yako naisikiliza kila siku ndani ya basi kabla sijaliwasha. Nafika kwenye wito wa kwanza, nazima.

Jana, baada ya kumshusha Iman mlangoni, nilibaki garini nikaiacha iende mpaka mwisho. Ameita mara tatu, Dada. Na baada ya wa tatu amenyamaza, kama mtu anayetega sikio.

Nimekata tiketi, yangu na ya Iman. Mitihani yake ikimalizika tunakuja. Akinijua, alhamdulillahi. Asiponijua nitakaa barazani kama mgeni, nile atakachonikaribisha. Iman anajifunza kusema abee, anatembea nalo nyumba nzima kama mwenye kiatu kipya.

Mpaka siku hiyo nakuomba jambo moja. Akiita, usimwambie Vuai yuko Ulaya. Mwambie amesikia, anapanda kutoka bondeni, amechelewa tu kwa sababu ananawa matope miguuni.

Nisalimie Maisara na mumewe, na Azizi wa dukani, mwambie bado sijapata mshindani wangu wa bao. Zainab anakupa mkono.

Wasalaam, ni mimi nduguyo,

Vuai
(aliyeliwa mchana kweupe, mbele za watu)